Tiketi za nani zinalipa kwenye blogu ya mtu wa Mbeya au Iringa: Ticketmaster, StubHub, Viator au promota wa hapahapa?

Kamwene wa Iringa, ugonile wa Mbeya. Wengi mnaoandika matukio na vivutio vya huku Nyanda za Juu Kusini mnauliza mjiunge na programu gani ya tiketi ili blogu ianze kurudisha hata hela ya bando. Na majibu mengi yanayozunguka ni ya kukopi kwa Wamarekani, jiunge StubHub, jiunge Ticketmaster, mtu anajiunga kweli, anabandika malinki kila kona, mwezi unaisha dashibodi inasoma sifuri. Programu zenyewe sio mbovu, ila msomaji wake yuko Uyole na tiketi iko Chicago.

Kwa aliye mgeni kabisa, kazi hii ni upiga debe tu. Pale Kabwe mpiga debe hamiliki daladala, anajaza gari na dereva anamtoa chake. Na wewe ni hivyohivyo, unaandika, msomaji anabonyeza linki yenye namba yako, akinunua tiketi kampuni inakukatia kamisheni na yeye bei yake haipandi. Swali ni gari gani unalipigia debe, na je abiria uliosimama nao wanaelekea huko?

Kabla ya majina tupige hesabu kwanza. Tuchukue dola moja ni 2,500 tusihangaike. Shoo ya gospo Mbeya mjini tuseme kiingilio 10,000, promota akikupa asilimia 10 unapata buku kwa kichwa. Mzungu akibuku safari ya siku tatu Ruaha ya dola 600 kupitia linki yako, asilimia 8 ni dola 48, yaani 120,000. Mgeni mmoja sawa na tiketi 120 za gospo. Ukiishia hapo utasema Viator kashinda mjadala ufungwe, ila tiketi 120 za gospo kwaya ikiwa na jina zinaweza kutoka ndani ya wiki moja ya posti na status za WhatsApp, na huyo mzungu unaweza kumsubiri mpaka mahindi yavunwe yapandwe mengine. Kwa hiyo usiangalie asilimia peke yake. Angalia nani anakusoma, anaweza kulipa kwa njia gani, na hela itakufikiaje huku uliko.

Ticketmaster naimaliza haraka. Ni mzee wa kazi, ilianzia Phoenix, Arizona, mwaka 1976, na 2010 ikaungana na Live Nation kwa hiyo anayeandaa tamasha na anayeuza tiketi wamekuwa nyumba moja. Programu yao ya kamisheni inapitia mtandao unaoitwa Impact, unaomba, wanaangalia blogu yako na wasomaji wako wanatoka wapi, ndo wanakukubali au wanakutosa. Kitu chao kizuri kweli ni data, wana Discovery API ya bure, yaani mlango wa kuvutia taarifa zao, ambayo kijana yeyote wa chuo cha MUST anayejua kuandika programu za kompyuta kidogo anaweza kuvuta orodha ya matukio ikawa inajiweka yenyewe kwenye blogu, kikomo cha kawaida ni maombi 5,000 kwa siku, kinakutosha na kubaki. Ubaya wake ni kwamba Tanzania hawauzi. Halafu tukio likiwa kubwa tiketi haimhitaji mpiga debe, Novemba 2022 tiketi za ziara ya Taylor Swift zilivyotoka Marekani mfumo ulizidiwa mpaka mauzo ya wazi yakafutwa, sasa watu waliokesha kwenye foleni ile ya mtandaoni hakuna aliyekuwa anatafuta posti yako ya matamasha kumi ya kutokosa. Na kwa tiketi ya mkono wa kwanza kamisheni ni nyembamba. Mtu wa Iringa anayeandika Kiswahili, hii mimi ningeipita.

StubHub, viagogo, Vivid Seats hawa ni soko la mkono wa pili, aliyenunua tiketi anaiuza tena na bei inapanda na kushuka kufuatana na watu wanavyoitaka. Ukiona StubHub na viagogo ujue ni familia moja, viagogo aliinunua StubHub toka kwa eBay kwa dola bilioni 4.05, dili likakamilika 2020. Kwa mpiga debe faida iko wazi, kiti kilichotoka dola 80 kinaweza kusimama 250 huku, na asilimia ileile inakata kipande kinene zaidi.

Nani hapa anafaidika? Bloga mwenye wasomaji walioko nje ya nchi kweli, sio wa kufikirika. Kama takwimu zako zinaonyesha nusu ya wanaokusoma wako Marekani, Watanzania wa Houston na Minnesota wanaotaka kwenda kuangalia mpira wa kikapu na familia, hapo pana kitu. Ila hata hao, akija msanii wa Bongo kwenye miji yao mara nyingi mwandaaji ni promota mdogo Mswahili mwenzao anayeuza kupitia Eventbrite, na Eventbrite inamruhusu promota kutengeneza linki za kufuatilia mauzo, moja kwa kila mtu anayemtangazia. Mpigie simu huyo promota, mwambie akutengenezee yako mkubaliane kiasi. Nadhani hii inalipa kuliko kusubiri Mtanzania wa Houston anunue kiti cha dola 250 kwa linki yako wakati jirani yake kazini anamuuzia.

Kuna na upande wa sheria ambao watu hawausemi. Uingereza kuuza tena tiketi ya mpira bila ruhusa kumekatazwa toka sheria ya 1994, na Novemba 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa kupiga marufuku kuuza tiketi za matamasha juu ya bei ya mwanzo. Blogu iliyojengwa juu ya tiketi za mkono wa pili za London imejengwa kwenye korongo, mvua ikija ndo hivyo. Marekani nako toka tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya FTC, tume yao ya biashara inayolinda walaji, inataka bei ya tiketi ionyeshwe na makato yake yote toka mwanzo, kwa hiyo ile tabia ya kuandika "kuanzia dola 40" halafu mteja akifika kwenye kulipa anakuta 62, achana nayo, na bei kwenye posti zako za zamani zipitie.

Sasa tuje kwenye mjadala wa kweli kwa mtu wa huku, Viator na GetYourGuide. Hawa hawauzi shoo peke yake, wanauza matembezi, safari, viingilio vya makumbusho, vitu ambavyo mgeni anabuku kabla hajapanda ndege. Viator iko chini ya Tripadvisor toka 2014, GetYourGuide ilianza 2009 na makao yake ni Berlin. Kamisheni yao ya kawaida inafanana, asilimia 8, na kuki, yaani ile alama ya linki yako inayobaki kwenye brauza ya aliyebonyeza, inakaa kama mwezi mmoja, maana yake mtu akibonyeza linki yako leo akanunua wiki mbili baadaye kwa simu ileile bado ni wako. Kukubaliwa sio shida kama Impact. Kati yao wawili mimi ningeanza na Viator kwa sababu Wamarekani wanaijua zaidi na bei zao za safari ndo kubwa, GetYourGuide ningeiweka kama blogu inapata Wajerumani wengi, na Ruaha Wajerumani hawakosekani. Hakuna kinachokukataza kuwa nazo zote ila usimwekee msomaji malinki mawili ya kitu kilekile kwenye aya moja, anachoka anaondoka.

Tatizo lao kwetu ni hili, ukitafuta Tanzania utakutana na Zanzibar, Kilimanjaro, Serengeti mpaka ukome. Ruaha zipo, nyingi zikianzia Dar kwa ndege. Ukiandika Mbeya orodha inakuwa fupi, na ukiandika Matema au Daraja la Mungu ndo kabisa unaweza ukakosa cha kulinki. Lakini hapohapo ndo kuna mwanya, kwa sababu anayeandika vizuri kwa Kiingereza namna ya kufika ziwa Ngozi, au hali ya barabara ya kupanda Kitulo mvua ikinyesha, hana washindani wengi Google. Mgeni anayeingia Mbeya akitokea Zambia anatafuta haya mambo kwa simu akiwa njiani. Akikukuta kwa posti ya Ngozi, hutamuuzia Ngozi kwa Viator kama haipo, utamuuzia Ruaha au Zanzibar anakokwenda baada ya hapo. Posti ya bure inaleta mtu, posti ya jirani inaleta hela.

Msimu nao uujue. Ruaha watu wanaitaka kiangazi, Juni mpaka Oktoba, wanyama wakikusanyika mtoni, ila mtu wa Ulaya anapanga miezi mingi kabla kwa hiyo posti iwe imeshakomaa Google kufikia Januari. Kitulo, ile Bustani ya Mungu iliyofanywa hifadhi ya taifa 2005, maua yake yanachanua Desemba mpaka Aprili wakati Ruaha imelala, kwa hiyo ukiwa na zote mbili blogu hailali mwaka mzima. Na ujue kamisheni inahesabiwa yako baada ya mgeni kusafiri, sio siku aliyobuku. Aliyebuku Februari safari ya Agosti, hela yako utaiona Septemba huko, na akighairi ndo imeondoka. Usiende kukopa VICOBA ukitegemea namba uliyoiona kwenye dashibodi.

Halafu kuna kitu ambacho mimi nakiona ni cha heshima kabisa, usimpe Mtanzania mwenzio linki ya Viator ya kwenda Ruaha. Kiingilio cha mzawa TANAPA kinalipwa kwa shilingi, elfu chache tu, mgeni analipa dola kwa makumi, na vifurushi vya Viator vimepigiwa hesabu ya mgeni. Mwalimu wa Makambako anayetaka kuwapeleka watoto wa shule akipita kwenye linki yako atalipa bei ya mgeni au ataiogopa aache safari. Huyo mwandikie kwa Kiswahili achukue gari Iringa mjini, apate kontrol namba, aende, na kwenye posti hiyo kamisheni itoke kwa mwenye gari au mwenye gesti ya Iringa mliyekubaliana.

Ambayo ndo inatuleta kwa promota wa hapahapa, na hapa nitakaa.

Hakuna programu, hakuna dashibodi, hakuna kuki. Kuna wewe na mtu mwenye shoo. Watu wanaidharau hii njia kwa sababu haina jina la kizungu, lakini kwa blogu ya Kiswahili yenye wasomaji wa Mbeya, Njombe, Iringa, Songea, ndo njia pekee ambayo msomaji anaweza kulipa palepale kwa simu. Fikiria msomaji wako wa kawaida, hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, zile kadi za mtandaoni za kwenye M-Pesa na wenzake zipo ila wanaojua kuzitumia sio wengi. Mwambie alipe Lipa Namba, amemaliza kabla chai haijapoa.

Chagua lakini. Simba au Yanga akija Sokoine huna cha kuuza, watu watajaa uandike usiandike. Mbio kubwa kama Tulia Marathon zina mfumo wao na zinajitangaza, ziandike kwa ajili ya wasomaji lakini usizitegemee kwa kamisheni. Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, kinacholipa sio kiingilio cha getini, ni vile vishoo vya jioni vya pembeni. Unaowatafuta ni wale promota wa kati, tamasha la kwaya, usiku wa komedi, jogging ya klabu yenye fulana, semina ya ujasiriamali yenye kiingilio, disko la wanafunzi wakifunga chuo. Hao ukumbi wameshalipia na hawana uhakika utajaa. Mwenye wasiwasi ndo anatoa asilimia.

Ukiongea naye usiongee kwa jumlajumla. Ujumbe uwe namna hii, unaweza ukaukopi:

"Kaka habari za kazi. Naandika blogu ya matukio ya Mbeya. Naomba kodi yangu, yaani neno langu la punguzo, kwenye shoo yako ya tarehe 14, iitwe UYOLE. Mtu akilipa Lipa Namba akakutumia ujumbe wa muamala WhatsApp akaandika UYOLE, anapunguziwa buku na unamhesabu kwangu. Tiketi ya kawaida nipe asilimia 8, tiketi ya meza asilimia 5. Hesabu tunafunga saa kumi jioni siku ya shoo kabla milango haijafunguliwa, tunapitia wote orodha."

Akiwa mtu mzima kwako anza na shikamoo, Mbeya hii.

Kila neno pale lina kazi. Punguzo la buku lipo kwa sababu bila hilo hakuna binadamu atakayehangaika kuandika kodi yako, msomaji atalipa tu na wewe umepotea, ni bora upunguze asilimia zako toka 10 mpaka 8 mtu apate sababu ya kukutaja. Meza nimeitenga kwa sababu ndo penye hela, meza ya watu sita tuseme laki tatu, asilimia 5 ni 15,000, na mtu anayenunua meza ananunua kwa kupigiwa simu na kuulizwa atakaa karibu na jukwaa au la, sio kwa kusoma posti, kwa hiyo weka namba ya simu kabisa kwenye posti. Na hesabu kabla ya milango kufunguliwa, hii usiilegeze. Shoo ikiisha kuna mwenye muziki anadai, mwenye ukumbi anadai, msanii hataki kupanda gari mpaka amaliziwe, jenereta lilikula mafuta kuliko ilivyopangwa, wewe bloga ndo wa mwisho kwenye ile foleni na simu inakuwa haipokelewi mpaka Jumatano. Saa kumi jioni hela ya tiketi za awali bado ipo kwenye simu yake.

Ukishakuwa na promota watatu wanne wanaokuamini, wahamishie kwenye fomu ya Google iliyo na sehemu ya kodi, inajihesabu yenyewe na mabishano yanapungua.

Turudi kwa wakubwa kidogo maana kuna vitu viwili vinavyoamua na havipo kwenye tangazo lao. Cha kwanza ni linki kupotea njiani. Kamisheni zao zote zinategemea kuki, na kuki inakaa kwenye brauza ile iliyobonyezwa. Msomaji wa kwetu anafungua posti ndani ya Facebook au kwa Opera Mini kubana bando, anapenda kitu, anamtumia shemeji yake mwenye kadi, shemeji anafungua tovuti moja kwa moja kwenye laptop ya ofisini. Tiketi imeuzwa, wewe huna kitu. Kwa mgeni anayesoma kwa Kiingereza na kununua mwenyewe tatizo linapungua sana, sababu nyingine ya kusema Viator ni ya blogu ya Kiingereza na kodi ya promota ni ya blogu ya Kiswahili. Kodi inatamkika, mtu anaweza kumwambia mwenzake kwenye bajaji, linki haitamkiki.

Cha pili ni hela kufika. Kila mtu anaulizia PayPal, lakini akaunti ya Tanzania ni ya kulipia zaidi kuliko ya kupokelea, na kutumia akaunti ya nchi jirani ni kutafuta siku ifungwe na hela ndani. Njia inayotumika sana ni Payoneer, unapokea kwa dola halafu unahamishia akaunti yako ya benki hapa nchini. Ila Payoneer ina ada ya mwaka ya karibu dola 30 kwa akaunti inayopitisha hela kidogo, kwa hesabu yetu ya juu hiyo ni zaidi ya nusu ya kamisheni ya safari moja ya Ruaha, kwa hiyo kama unategemea mauzo mawili kwa mwaka unafanya kazi ya makato. Kampuni za Marekani zitakudai pia fomu ya W-8BEN, ni kuthibitisha wewe sio mtu wa kulipa kodi ya serikali ya kule, jaza jina kama lilivyo NIDA na benki, herufi kwa herufi, maana kukipishana jina malipo yanakwama. Promota wa Mafiat yeye anakurushia M-Pesa, makato yake unayajua.

Kwa hiyo mwenye blogu ya Kiingereza inayosomwa na wageni, weka Viator, GetYourGuide ifuate, Ticketmaster na StubHub mwachie mwenye wasomaji Marekani kweli. Mwenye blogu ya Kiswahili aanze na promota wawili wa mjini kwake kabla ya kujisajili popote. Mwenye lugha zote mbili kwenye blogu moja, tenganisha kurasa, maana bei ya mgeni na bei ya mzawa zikikaa ukurasa mmoja utaulizwa maswali na pande zote mbili.

Suala la leseni nalo mnaulizana sana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja 2018 bloga alitakiwa alipe laki moja ya maombi na milioni moja ya leseni, wengi wakazima blogu zao, baadaye kanuni zikarekebishwa na viwango vikabadilika, kwa hiyo usiende na hadithi za 2018, angalia TCRA wanasemaje sasa hivi kwa aina ya maudhui yako, hasa kama unachanganya matukio na habari.

Na juu kabisa ya posti, sio chini kwa herufi za sisimizi, andika kwamba ukinunua kupitia hapa napata kamisheni. FTC wanaitaka hiyo kwa wasomaji wa Marekani, na kwa shoo za hapa ina kazi nyingine, msomaji akishajua UYOLE ni kodi yako na wewe unapata chochote, akifika kwenye kulipa anaiandika bila kukumbushwa.